Kiwiko Kwanza

Nina hasira za karibu. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kutubu, nasema tu ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa meno yakiwa tayari. Nimekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na mitatu, na hasira hizo zimenisaidia mara nyingi kuliko zilivyoniponza, maana wodi isiyo na mtu wa kufoka hulala usingizi. Lakini kuna Jumatano moja ambayo ningeirudisha kama ningeweza, na kuna Sabato moja iliyofuata ambayo hata leo nikiikumbuka huacha ninachofanya.

Ninaishi Umoja, katika nyumba aliyotuachia baba, na kazi yangu ni kliniki ya sukari katika dispensari ndogo kule Tassia. Dispensari yenyewe iko chini ya ploti ya ghorofa sita, na juu yetu watu wanapika, wanagombana na kuburuta viti siku nzima. Jumatano ni siku ya watu wa sukari. Wengi wao ni watu wa kwetu, wa magharibi, na kumwambia mtu wa kwetu apunguze ugali ni kama kumwambia apunguze ukoo wake. Watu hudhani kazi yangu ni sindano. Sindano ni dakika moja. Kazi hasa ni maneno na miguu.

Miguu, kwa sababu sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huua hisia kuanzia chini. Mguu hunyamaza. Mtu hukanyaga msumari asubuhi na kuutambua jioni anapoona damu kwenye soksi. Nimeona mwanamume aliyetembea siku nzima na kifuniko cha soda ndani ya kiatu. Kwa hiyo kila Jumatano huwaambia wavue viatu, nami huchukua uzi mgumu wa nailoni, nikawagusa nyayoni huku wamefumba macho, nikiuliza wanasikia au hawasikii. Na juu ya meza yangu siku zile nilikuwa nimebandika karatasi niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilidhani nimefanya jambo la maana sana.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuwa mmoja wa watu wangu wa Jumatano. Alikuwa na umri wa miaka kama sitini, mjane, watoto wametawanyika, anaishi peke yake Mukuru kwa Njenga na kufua nguo katika nyumba za watu hapo Tassia. Ndio hao tunaowaita mama fua. Alikuwa na nyumba zake sita za kudumu, nyingi ghorofa ya nne na ya tano, na maji ya kufulia mara nyingi aliyapandisha mwenyewe kwa mitungi. Tulisali pia kanisa moja, kanisa la mabati lililo kati ya Tassia na Mukuru, sisi tunaokusanyika Jumamosi. Kanisani alikaa nyuma. Kliniki alikuja mapema, akatoa kidole, akapanda mizani, lakini nikifika kwenye viatu alikuwa na neno lake moja: "Kesho, sista." Kwa miaka miwili nilikubali kesho yake.

Jumatano hiyo foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwa muuza mboga. Mwenzangu alikuwa mgonjwa. Kipimo cha sukari cha yule mama kilisoma kumi na nane, juu mno, na nilipokiona nilihisi nimetukanwa mimi. Nikamwambia leo hakuna kesho, vua. Akavua polepole sana, akiangalia pembeni. Visigino vilikuwa vimepasuka, na nyufa zenyewe nyeusi. Nyayo zilikuwa nyeupe na zimevimba maji. Katikati ya vidole kulikuwa na rangi ya buluu, na viatu vya raba vilitoa harufu ya kitambaa kisichokauka.

Nilisema kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia: "Mama, wewe unafulia watu nguo mpaka zinang'aa. Na hii miguu je? Utaniletea miguu chafu hivi hadi lini?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Namjua, lakini sina haki ya kumlaumu, kwa kuwa kicheko hicho nilimpa mimi. Yule mama alisema pole, sista, akaanza kuvaa viatu vyake. Mimi sikuwa nimemaliza. Nikamwambia pia kwamba hamezi dawa, kwani mtu anayemeza dawa hafiki kumi na nane, na kwenye kitabu chake nikaandika kwamba hafuati maagizo. Hakubisha. Uzi wangu wa nailoni ulikuwa mfukoni, na kwa sababu ya foleni na hasira sikuutoa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yale maneno, ingawa maneno ndiyo yaliyoniuma baadaye. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja.

Siku kumi baada ya hapo ilikuwa Sabato ya kutawadhana. Kwa asiyejua desturi yetu, mara moja kila robo ya mwaka, kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanawake hukaa upande wao na wanaume upande wao, wawili wawili, mmoja ameketi na mwingine amepiga magoti mbele yake na beseni. Ukimaliza mnabadilishana. Halafu mnakumbatiana na kuombeana. Na desturi nzito ndani ya desturi hiyo ni kwamba unatakiwa umtafute mtu ambaye kuna neno kati yenu. Ndiyo maana siku hiyo huona watu wazima wakichunguza dari kama wanaohesabu mabati, kila mmoja akiogopa macho ya fulani.

Nami nilikuwa nikichunguza dari. Nilikwisha kumwona, na nilikwisha kuamua kwamba nitamtafuta robo ijayo, wakati jambo litakuwa limepoa. Nilikuwa nimemnong'oneza mke wa mzee wa kanisa aniwekee nafasi ya kuoshana naye. Kabla hajajibu, yule mama alitoka nyuma kabisa, akapita katikati ya viti vyote vya plastiki, akaja akaketi mbele yangu. Alikuwa amevaa soksi nyeupe mpya na viatu vyeusi vya ngozi vya kuazima. Alitabasamu kama msichana anayesubiri kusomewa matokeo ya mtihani.

"Leo nimekuja na miguu safi, sista," alisema. "Angalia mwenyewe."

Nilipiga magoti. Nikavua kiatu cha kulia. Soksi ilikuwa na unyevu, nikadhani ni jasho, nikaivuta taratibu kutoka kisigino. Ngozi ilikuja na soksi.

Malengelenge yalikuwa yameshika upande wote wa nje wa unyayo, kuanzia kidole kidogo mpaka karibu na kisigino, na yaliyopasuka yalionyesha nyama mbichi. Nikatazama uso wake kuona maumivu. Hayakuwepo. Alikuwa bado anatabasamu, akisubiri nimwambie kwamba miguu yake ni safi. Na ilikuwa safi. Sijaona mguu uliosuguliwa vile.

Alinieleza bila wasiwasi, huku pande zote wakiimba. Ijumaa, siku ya maandalio, alichemsha maji, akatia chumvi nyingi na sabuni ya unga, akaloweka miguu jinsi anavyoloweka mapazia meupe ya watu, kisha akasugua kwa jiwe. Beseni lake ni dogo, kwa hiyo aliingiza mguu wa kulia kwanza, na wa kushoto baadaye maji yakiwa yamepoa. Maji aliyapima kwa mkono. Lakini mkono wa mama fua, uliokaa miaka thelathini ndani ya maji ya moto na sabuni, haujui tena moto ni nini. Mguu nao ulikuwa umekufa ganzi zamani, nami ndiye niliyepaswa kujua hivyo. Asubuhi akavaa viatu vya jirani akatembea kutoka Mukuru.

Sikumwosha. Niliufunika mguu kwa taulo safi, nikamwambia mzee mmoja wa kanisa mwenye gari aliwashe. Yule mama aliona uso wangu, na ndipo tabasamu likamtoka. Aliniuliza kama bado ni michafu. Hilo swali nimelala nalo usiku mwingi.

Hospitali kubwa walimlaza. Baada ya siku nne kidole kidogo kilikuwa cheusi, wakakiondoa. Walimwanzishia insulini. Alipotimiza siku tisa waliniita pembeni, kwa vile nilikuwa nimejitambulisha kama muuguzi wake na tena kama mtu wake wa kanisani, wakaniambia mambo yalivyo. Kidonda kilikuwa kipana. Wangempa wiki sita nyumbani, kikisafishwa na kufungwa kila siku, sukari ikiwa chini na yeye asiukanyage mguu huo kabisa. Kidonda kikifunga, vizuri. Kikishuka mpaka mfupani, watakata chini ya goti. Nilifikiria zile ngazi za Tassia, ghorofa ya nne na ya tano, na mitungi ya maji, na mtu wa mguu mmoja. Nikasema kila siku nitakwenda mimi.

Kwa hiyo nilianza kwenda Mukuru alfajiri kabla ya kazi, na shashi na bendeji kwenye mkoba, nikiwapisha wafanyakazi wa viwandani wanaotembea kwa makundi kwenda zamu ya asubuhi. Siku ya kwanza niliingia nikiwa na hotuba tayari, kuhusu kumeza dawa kwa wakati. Chumba chake kilikuwa kimoja, cha mabati, kimepangwa hivi kwamba hata vijiko vilitazama upande mmoja. Juu ya kitanda, kutoka msumari hadi msumari, kulikuwa na kamba ya kuanikia, na kwenye kamba hapakuwa na nguo. Kulikuwa na vibanio.

Nikamuuliza ni vya nini. Akaona haya kidogo, kisha akanieleza. Hajui kusoma wala kuandika, ila tarakimu tu za simu. Kwa hiyo tangu siku nilipompa dawa mara ya kwanza, akimeza asubuhi hubana kibanio cha mbao, akimeza jioni hubana cha plastiki. Kila Sabato hufunga kitambaa chekundu. Mwezi ukiisha, huvitoa vyote na kuanza upya. Nilivihesabu, maana mimi ni mtu wa kutoamini. Kati ya kitambaa na kitambaa, vibanio kumi na vinne. Tena kumi na vinne. Kamba ilisimama siku ile aliyolazwa, na hapo alikuwa ameacha nafasi tupu ya kiganja kimoja ili asiidanganye kamba.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikiitazama kamba. Niliamini kwamba kwa miaka miwili hakukosa hata kidonge kimoja. Vidonge vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vimezidiwa, ugonjwa ukasonga mbele, na mtu wa kuligundua hilo mapema na kumpeleka hospitali kubwa alikuwa mimi. Badala yake niliandika kwamba hafuati maagizo. Nimeona mashine nyingi za hospitali, za bei ambazo siwezi kuzitamka, na hakuna iliyonishangaza kama kamba ile. Siku hiyo, nilipofika kazini, nililikata lile neno kwenye kitabu chake kwa wino, nikaandika karibu yake kwamba aliyekosea ni mwandishi.

Insulini ilihitaji ubaridi, na yeye hana friji. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka chupa ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, pembeni mbali na mabati. Alinisikiliza, kisha akarekebisha: akahamisha chungu chini ya meza, mahali ambapo yeye huweka maziwa yasigande, kwa kuwa amejua miaka mingi ndipo penye baridi kuliko pote chumbani. Nilipoweka kiganja niliona yuko sahihi. Kwenye kamba aliongeza aina ya tatu ya kibanio, kidogo, cha nguo za watoto, kwa ajili ya sindano.

Taabu ilikuwa kutokanyaga. Mtu aliyesimama maisha yake yote humwambii akae akakaa. Zaidi ya hapo, nyumba zake sita zingemtafuta mtu mwingine, na mama fua akipoteza nyumba ni kama mkulima amepoteza shamba. Hilo lilitatuliwa na wanawake wa kanisa kabla sijafungua mdomo. Waligawana nyumba zake, wakawaambia wenyewe kwamba anayekuja anakuja kwa niaba, na nyumba bado ni yake. Mimi nilipewa ya Jumapili, ghorofa ya tano.

Nilidhani nitamaliza saa nne asubuhi. Kulikuwa na mablanketi mawili, sare za shule, jinzi za wanaume na mapazia meupe ambayo mwenye nyumba alisisitiza yalowekwe kwenye maji ya moto kabisa. Maji hayakuwa yamepanda juu siku hiyo, kwa hiyo nikashuka na mitungi na kupanda nayo. Nilivua viatu kwa sababu baraza lote lilikuwa povu. Kufikia saa nane mgongo wangu ulikuwa umegoma, na nilipoketi kwenye ngazi kupumzika nikaangalia chini. Nyayo zangu zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na katikati ya vidole imeingia rangi ya buluu ya jinzi. Nilizisugua nyumbani kwa sabuni na limau. Rangi haikutoka.

Kesho yake alfajiri, nilipomaliza kumfunga kidonda, nilivua kiatu nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika tumbo, akaniambia mimi sijui kufua, jinzi hukanyagwa mwisho. Kicheko kilipoisha nikasema lile nililokuja nalo. Nilimwambia nilimwaibisha mbele ya watu, kwamba miguu yake haikuwa michafu, na kwamba kama si mdomo wangu asingeingia kwenye maji yale. Niliomba anisamehe. Nililia pia, jambo ambalo sipendi.

Alikuwa akikunja bendeji ya akiba, ncha kwa ncha.

"Uliongea vibaya, sista," alisema. "Lakini uliangalia. Tangu mzee wangu afe hakuna mtu amewahi angalia hii miguu. Hata mimi siwezi, sioni huko chini."

Sikuwa nimefikiria hivyo kamwe. Unyayo ni mahali ambapo mtu hawezi kujiona bila msaada, na mimi kila Jumatano nilikuwa nikiwaambia wajiangalie kila jioni, wazee wa magoti mabovu na macho yenye ukungu, wanaoishi peke yao. Walikuwa wanaitikia ndiyo, sista, kwa adabu, kisha wanakwenda zao. Nilimwita jirani yake, muuza dagaa wa omena aliyemwazima vile viatu na ambaye tangu siku ile alikuwa akijilaumu kama mimi. Nikamfundisha: jioni, kwa tochi ya simu, unyayo mzima, kisigino, na kati ya kila kidole. Akiona wekundu, lengelenge au ufa, aniite. Alifanya hivyo kila siku bila kukosa, na alikuwa mkali kuliko mimi.

Tulirudia pia jambo la maji. Nilimwambia mkono wake haufai tena kupima joto, mguu ndiyo kabisa, kwa hiyo atumie kiwiko. Ngozi ya kiwiko bado inasikia. Akanitazama.

"Si hii ni ya watoto?"

Nikamwambia ni ya watoto na ya watu wa sukari.

"Nimeosha watoto saba na kiwiko," alisema. "Yaani nilikuwa najua."

Wiki ya pili kidonda kilikuwa chekundu na chenye maji, nami nilikuwa nikitembea kutoka Mukuru nikiomba kwa sauti kama mwendawazimu. Wiki ya tatu niliona kingo zake zimeanza kuwa na rangi ya waridi iliyofifia, ukanda mwembamba kuliko uzi. Nilimwita jirani aje aone. Tulisimama pale watatu, mmoja ameinua mguu, wawili wameinama, tukitazama ngozi inavyorudi. Nimesoma katika vitabu jinsi kidonda kinavyopona, naweza kukuchorea hatua zote. Lakini alfajiri ile, katika mwanga wa tochi ya simu, sikukumbuka hatua hata moja. Niliona tu kwamba mwili wa mwanamke huyu, uliofanya kazi tangu utotoni, ulipopewa nafasi ya kuketi kidogo, ulianza kazi nyingine usiku na mchana bila kusukumwa na mtu.

Kila siku ukanda uliongezeka. Wiki ya sita tulikwenda hospitali kwa gari la yule mzee. Daktari alibonyeza pande zote, akamgeuza mguu kwenye taa, akaniuliza nani alikuwa anafunga kidonda. Kabla sijajibu yule mama alisema ni kanisa. Daktari aliandika kitu, akafunga faili, akamwambia mguu huu ni wake, aende nao nyumbani. Alipewa kiatu maalumu chenye nafasi pana mbele. Kwenye korido alisimama akaegemea ukuta, akanishika mkono, akaniambia nisubiri kidogo, kwa kuwa alitaka kusimama tu.

Habari ilienea kanisani, na likatokea jambo ambalo sikulipanga. Wanawake walianza kunijia mmoja mmoja baada ya ibada, wakinong'ona kwamba nao wana sukari. Walikuwa wakificha. Ndipo jirani yule, muuza omena, naye ni wa kanisa letu, akasema mbele ya wote kwamba ni ajabu kuoshana miguu mara moja kila robo ya mwaka, kisha miezi mitatu mtu hajui mwenzake anakanyaga nini. Tangu hapo, yule uliyemwosha ndiye unayemwangalia nyayo mpaka kutawadhana kunakofuata. Wakikaa ploti moja, ni kila jioni. Wakikaa mbali, ni kila wanapokutana. Wanaume walicheka mwanzoni, kisha nikasikia nao wameanza, wakijifanya ni wazo lao. Kliniki nimeondoa ile karatasi ya kalamu nyekundu. Sasa namuuliza kila mtu wa Jumatano swali moja kabla ya kumtoboa kidole: nyayo zako anaangalia nani? Wasio na mtu, nawatafutia.

Sabato ya kutawadhana iliyofuata nilifika mapema. Yule mama alikuwa amefika kabla yangu. Walikuwa wamemkabidhi maji ya upande wa wanawake, yaani yeye ndiye aliyechanganya ya moto na ya baridi, na hakuna beseni lililotoka jikoni kabla halijapita kwake. Alikuwa amekunja mkono wa gauni lake jeupe mpaka juu, na kila beseni lilipoletwa aliinama, akatumbukiza kiwiko, akafumba macho. Akisubiri. Kisha akaongeza kikombe cha maji baridi, akatumbukiza tena. Foleni ya mabeseni ilifika mlangoni, mwimbishaji akarudia wimbo mara ya tatu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mimi mwenyewe, wa hasira za karibu, nilisimama na beseni langu mkononi kama mwanafunzi.

Tulipoketi nilimwosha kwanza. Mguu wa kulia una vidole vinne, na kovu lake ni laini, linang'aa kidogo. Nilimwosha nikijua kila sehemu yake kuliko ninavyoijua miguu yangu. Kisha akapiga magoti yeye, taratibu, akishika kiti. Akaingiza kiwiko kwenye beseni langu, ambalo alikwisha kulipima jikoni. Akaongeza maji baridi kutoka kwenye jagi.

Maji yalikuwa baridi kama ya Julai. Vidole vyangu vilijikunja. Kulia kwangu nilimsikia mke wa mzee wa kanisa akivuta pumzi kwa meno, na wanawake wote wa mstari ule walikuwa wamekaza nyuso, wakiimba.

"Iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa, mama."

Akaniosha. Alipomaliza kunikausha sikuvuta mguu, kwa sababu hakuuachilia. Aliuinua, akaugeuza kuelekea dirishani penye mwanga, akatazama unyayo wangu kutoka kisigino kwenda mbele, kisha akatenganisha vidole kimoja kimoja, vyote vitano, kama nilivyomfundisha. Akafanya hivyo na mguu wa pili. Hakuna mtu aliyeangalia nyayo zangu tangu mama yangu aliponifundisha kuvaa viatu. Macho yangu yakajaa nikayaacha yajae.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Vaa soksi, mwanangu."